Mahali pa Kuweka Macho

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipomfokea msichana wa miaka kumi na saba mbele ya bibi yake kwa sababu alikuwa anatazama chini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha kucheza hip-hop hapa Tunduma, na niliamini kwamba najua maana ya kujiamini. Nilikuwa hata nimeiandika kwenye daftari.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana hata kosa lenyewe nililifikia kwa utaratibu.

Mimi sikufundishwa kucheza na mtu. Nilizaliwa Igamba, kwenye familia ya kahawa na mahindi, na nilipomaliza darasa la saba nikaja Tunduma kufanya kazi kwenye banda la fundi redio. Fundi alikuwa na televisheni ya kujaribia deki za wateja, na watu walikuwa wanaleta CD za muziki kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kila deki iliyotengenezwa ilibidi ijaribiwe, nami nilijaribu kwa muda mrefu kuliko deki yoyote ilivyohitaji. Nilikuwa nasimamisha picha, nachora mtu wa vijiti, mguu huu hapa, bega lile pale, nahesabu moja mpaka nane, naandika. Baada ya miaka minne nilikuwa na madaftari sita.

Nilicheza vizuri, isipokuwa nilikuwa nimejifunza kila kitu kinyume. Mchezaji wa kwenye televisheni amekuelekea wewe, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, nami nilikuwa namfuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Siku ya kwanza nilipopanga mstari na vijana wengine, wao wakaenda kulia, mimi nikaenda kushoto, nikamgonga mwenzangu pua ikatoka damu. Nilitumia miezi miwili kujirekebisha. Nakutajia hili kwa sababu kinyume cha miguu nilikigundua mapema. Kulikuwa na kinyume kingine kwenye madaftari yale ambacho sikukiona.

Wachezaji wote wa kwenye CD walikuwa wanaikazia macho kamera. Hawapepesi, uso umeinuliwa, kidevu mbele. Nikadhani ni sehemu ya mchezo kama vile mguu na bega. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la tatu: "Macho mbele. Anayetazama chini hajiamini." Nikapigia mstari mara mbili.

Nilipoanza kufundisha, nilipewa nafasi ya kutumia ghala la mahindi lililokuwa tupu msimu huo. Sakafu ilikuwa ya saruji laini, na ukicheza kwa nguvu vumbi la pumba lilinyanyuka mpaka magotini. Wanafunzi walikuwa tisa, wote wanaoanza. Kila Jumamosi, kabla ya kuwafundisha hatua yoyote, niliwafanyisha kitu nilichokiita mtihani wa macho. Kila mmoja anasimama mbele, wengine tunamkodolea, naye anatutazama machoni huku anahesabu mpaka nane. Macho yakishuka, anaanza upya.

Wengi walifaulu kwa wiki mbili tatu. Kijana mmoja, Chanda, ambaye mama yake alikuwa wa Nakonde na yeye mwenyewe alikuwa na mdomo usiopumzika, alifaulu siku ya kwanza na akaanza kuwasimamia wenzake bila kuombwa. Aliyebaki alikuwa Tabitha.

Tabitha alitoka Igamba, kwetu, ingawa sikuijua familia yake. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaletwa Tunduma kwa shangazi yake aliyeuza mchele sokoni, ajifunze cherehani. Kwa hatua, hakuna aliyemfikia. Nilimwonyesha kitu mara moja, mara ya pili anakicheza, mara ya tatu kimekuwa chake. Lakini nikimsimamisha mbele, macho yanakwenda sakafuni. Nilimrudisha mwanzo Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Ticha, huyu dada kadondosha sindano ya cherehani," Chanda alikuwa anasema. "Tumsaidie kuitafuta."

Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka, siku moja au mbili. Sikufichi.

Alhamisi moja Tabitha alinifuata kwenye banda la redio. Akasimama pembeni ya mlango mpaka mteja alipoondoka, kisha akasema baba yake amesikia kwamba anacheza muziki wa kihuni. Amemtuma bibi aje Jumamosi, aone kwa macho yake. Bibi akirudi na neno baya, Tabitha anarudi Igamba Jumatatu, na mambo ya kucheza yamekwisha.

"Na wewe unatakaje?" nikamuuliza.

Alikuwa anatazama waya za redio zilizokuwa chini. "Ticha, toka mama afariki, kule ghalani tu ndiko nacheka. Hata wakinicheka mimi, na mimi nacheka."

Ungekuwa wewe, mwanangu, ungefanya nini? Mtu mwenye akili angemwambia, sawa, Jumamosi cheza ile hatua unayoipenda, bibi akuone ukifurahi. Mimi nilichukua daftari la tatu nikaandika mpango. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kazi yangu. Bibi amwone mjukuu wake akisimama imara, kidevu juu, anatazama watu usoni, aseme kweli mwalimu huyu amemjenga mtoto. Nikapanga Tabitha awe wa kwanza, na aanze na mtihani wa macho.

Jumamosi ile bibi alifika kabla ya sisi wote. Tulimkuta amekaa kwenye benchi ukutani, mgongo wima, kitenge cha pili kimefungwa juu ya cha kwanza, viatu vya plastiki vya kijani vimepangwa sawasawa. Aliitwa Bibi Nambeye. Shangazi alikuwa amemleta akarudi sokoni. Nikamsalimia haraka haraka, nikawasha redio, wakaruka kidogo kupasha miili joto, nikampanga kila mtu mahali pake.

"Tabitha, mbele. Macho."

Akaja. Aliinua uso kidogo, ukakutana na uso wa bibi yake, akaushusha, na magoti yakakunjika kidogo jinsi mabinti wa kwetu wanavyofanya wakimsalimia mkubwa.

"Macho," nikarudia.

"Sindano hiyo, jamani," Chanda akanong'ona kwa sauti iliyosikika ghala zima. Wenzake wakajizuia kucheka wasiweze.

Nikaona mpango wangu unabomoka mbele ya mgeni niliyetaka auone. Hapo ndipo nikafoka. "Inua uso! Unaogopa nini wewe? Mtazame bibi yako machoni! Machoni, mpaka nane!"

Hakuna aliyecheka tena. Redio ikaendelea kupiga peke yake, na kijana mmoja akaenda akaizima.

"Siwezi, ticha," Tabitha alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Alisema kwa sauti ndogo, anaitazama sakafu, kisha akatoka nje. Tulimwona kupitia mlangoni amesimama kwenye jua, ameegemea ukuta wa ghala.

Kwa muda wote niliokuwa nafundisha pale, hakuna mwanafunzi aliyewahi kunikatalia. Waliofaulu mtihani wa macho wote walikuwa wananitii. Jambo hili nililitafakari baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba nimeaibika.

"Wewe baba, hebu njoo," Bibi Nambeye akaniita.

Nikaenda. Akaniuliza kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, mimi ni wa wapi. Nikamjibu, Igamba. Akaniuliza mtoto wa nani. Nikamtajia baba na babu. Akasema babu yangu anamfahamu, walipalilia pamoja, alikuwa mtu wa maneno machache. Akauliza habari za mama, na za shamba, na kama kahawa yetu bado iko ileile ya upande wa mtoni. Nilikuwa najibu kila swali kwa adabu, nimeinama kidogo, mikono imeshikana mbele.

Kisha akahamia Kiswahili, na sauti akaipandisha ili wanafunzi wote wasikie.

"Sasa hivi unatazama wapi?"

Sikuelewa.

"Nakuuliza, macho yako yako wapi?"

Yalikuwa kwenye viatu vyake. Toka nilipofika mbele yake yalikuwa pale. Ningeweza kukuambia hata leo kwamba cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi.

"Kwenye viatu vyako, bibi."

"Kwa nini? Unaniogopa?"

"Hapana, bibi. Ni heshima."

"Ahaa," akasema. "Wewe ukitazama chini ni heshima. Mtoto wangu akitazama chini ni woga."

Nyuma yangu nilisikia mtu akivuta pumzi. Sikugeuka kuangalia ni nani.

Kisha akaniuliza kama nafahamu nani alisoma wasifu wa marehemu siku ya mazishi ya mama yake Tabitha. Nikasema sifahamu. Akasema wajomba wawili, wanaume wazima, waliombwa na wote walikataa, mmoja alisema koo limekauka, mwingine akaenda kuangalia kaburi kama limechimbwa sawa. Tabitha ndiye aliyesimama. Watu walikuwa wamejaa uwanja mpaka kwenye migomba. Hakushika karatasi, kwa sababu machozi yangeifanya isisomeke, kwa hiyo usiku uliotangulia alikuwa ameikariri yote. Alitaja mama yake alizaliwa wapi, akabatizwa wapi, akasoma wapi, akawataja watoto wote kwa majina na waliotangulia mbele za haki, hakukosea hata jina moja.

"Na muda wote huo alitazama chini," bibi alisema. "Wewe ungemwambia hajiamini. Ungemrudisha aanze upya."

Akaelekeza kidole mlangoni, alikosimama Tabitha.

"Umewahi kumuuliza?"

"Hapana, bibi."

"Miezi mingapi yuko hapa?"

"Minne."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayeona shamba lililopandwa bila kupimwa mistari. "Mimi sijaja kuuliza kama mziki huu ni wa kihuni. Nimekaa hapa nimeona watoto wanaruka tu, hakuna uhuni. Nimekuja kumwangalia anayewafundisha. Kamwombe radhi."

"Nitamwita pembeni, bibi, nimwambie."

"Pembeni kwa nini?"

"Mbele ya wanafunzi hawa wote?"

"Ulimfokea wapi? Chooni?"

Chanda alishindwa, akacheka kwa puani, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Bibi akamtazama. Nakuhakikishia kwamba Chanda, bingwa wetu wa kukodoa, aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Nikaenda mlangoni nikamwita Tabitha. Akaingia hatua mbili, akasimama. Wanafunzi wanane walikuwa wanatutazama, na bibi. Niliamini nimejiandaa. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa nimesimama mbele ya watu mara nyingi, nilikuwa nimecheza stendi kuu watu wamenizunguka. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nilipojaribu tena nilikuwa naitazama ile sakafu ya saruji, na ufa wake, na pumba zilizojaa kwenye ufa.

"Tabitha, nimekukosea. Nimekufokea mbele ya bibi yako na mbele ya wenzako. Na nimeruhusu wakucheke miezi yote hii. Naomba unisamehe."

Ilinichukua muda mrefu kuliko kuhesabu mpaka nane, na sikuinua uso hata mara moja.

"Nimekusamehe, ticha," akasema. Kisha akaongeza, "Ila na mimi naomba kitu. Naomba nianze na kucheza. Nisianze na kusimama."

"Anza unavyotaka."

Akaenda katikati, akamwambia yule kijana awashe redio. Alicheza ile hatua ya kuvuka miguu na kugeuka, tuliyokuwa tunaifanyia kazi mwezi mzima, kisha akaunganisha mbili nyingine ambazo nilikuwa sijawapa bado darasa. Alikuwa amenitazama mimi nikizifanya peke yangu akazichukua. Macho yalikuwa sakafuni mwanzo mpaka mwisho. Safari hii niliyafuata kuona yanatazama nini. Alikuwa anatazama mahali mguu unaokuja utakapotua. Vumbi likanyanyuka. Mahali fulani kati ya mzunguko wa pili na wa tatu akaanza kucheka, kimyakimya, peke yake.

Muziki ulipoisha wanafunzi wakapiga makofi. Bibi Nambeye hakupiga. Alikuwa na uso uleule aliokuja nao, nami nikahesabu kwamba tumeshindwa, kwamba Jumatatu Tabitha atakuwa kwenye gari la Vwawa kurudi Igamba, na kwamba mimi ndiye nimempakia.

"Mguu wa kushoto," bibi akasema. "Pale ulipogeuka. Ulichelewa."

Tabitha alikunja goti. "Ni kweli, bibi."

"Basi Jumamosi ijayo usichelewe."

Akanyanyuka, akafunga kitenge chake vizuri, akauliza njia ya kwenda sokoni kwa mwanawe.

Mwanangu, nilirudi kwenye banda la redio nikafungua daftari la tatu. Ule ukurasa sikuuchana, kwa sababu mtu anayejifundisha mwenyewe anahitaji kubaki na makosa yake mahali anapoweza kuyasoma. Nilikata mstari mmoja juu ya maneno yale mekundu, na chini yake nikaandika: "Niliyachukua kwa mtu anayetazama mashine." Maana ndivyo ilivyokuwa. Yule wa kwenye CD hakuwa na bibi mbele yake. Alikuwa anakitazama kioo cha kamera, na kioo hakina umri wala ukoo wa kuheshimiwa. Nilichukua tabia yake ya mbele ya mashine nikaitaka kwa mtoto wa Igamba aliyelelewa vizuri. Na mimi ni wa hukohuko, nilikuwa naijua adabu ile kwa mwili wangu, magoti yangu na mikono yangu ilikuwa inaifanya bila kuniuliza. Kuijua kichwani ndiko kulikonishinda.

Tabitha alibaki na sisi miaka mitatu. Siku moja, mwaka wa pili nadhani, tunacheza kwenye sherehe ya shule, nilimwona ameinua uso kwenye mzunguko wa mwisho na kututazama wote, ana meno nje. Hakuna aliyemwambia. Sijui kwa nini siku ile na siyo nyingine, na sikumuuliza. Hakuwa mchezaji mkubwa, usije ukadhani nakuletea hadithi ya namna hiyo. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ileje, ana watoto wawili, anacheza kwenye harusi tu.

Mwaka huu alipita darasani kwangu. Nafundisha kwenye ukumbi sasa, wanafunzi ni wengi, na kila mmoja ana simu yenye wachezaji wa dunia nzima. Alinisalimia kama alivyonisalimia siku zote, goti limekunjika, macho chini. Na akiwa hivyohivyo, macho chini, akaniambia: "Mwalimu, darasa lako limejaa mno. Wale wa nyuma huwaoni. Nimekaa pale nusu saa, kuna mabinti wawili hujawaita hata jina." Nikaligawa darasa mara mbili wiki iliyofuata.

Sasa nisikilize, wewe unayetaka kufundisha, na wewe unayetaka kujifunza.

Ukipokea mtu anayeanza, usianze kwa kumwambia ajiamini. Neno hilo halimwambii afanye nini na mguu wake. Mpe hatua moja ndogo, aifanye mpaka mwili uifahamu, umwongeze ya pili. Na kabla ya hapo kaa naye umuulize: jambo gani gumu umewahi kulifanya? Mimi sasa namuuliza kila anayekuja, na sijapata mtu asiye na jibu. Binti mmoja wa Ndalambo aliniambia alikaa na wadogo zake wanne mwezi mzima mama yake alipolazwa. Mwingine aliniambia alikataa kuolewa. Hawa wanakuja kwangu wakiwa tayari na ujasiri. Kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba ni uleule utakaowasimamisha hapa mbele, na kuwazuia wengine wasiwacheke wakati wanautafuta.

Nawe unayejifunza kwenye simu, jifunze, mimi pia nilijifunza hivyo. Lakini angalia unachochukua. Chukua mguu, chukua bega, chukua namna anavyohesabu. Adabu uliyolelewa nayo usiitupe ili ufanane naye. Uso utauinua siku yako ikifika, na ukimkuta mkubwa wako amekaa kwenye benchi, ushushe, kisha ucheze.

Na siku utakapomkosea mtu mbele ya watu, maana utamkosea, umwombe radhi mbele ya watu haohao. Sijui zoezi lingine lililonifundisha kusimama kama lile, na sikulipata kwenye daftari lolote.

Mungu akupe miguu inayofika kwa wakati, mwanangu. Akupe na mtu wa kukuambia pale inapochelewa, na moyo wa kumjibu kwamba ni kweli.